Kitanda Yako na Reli Yangu

Nyabiondo, jioni, jua bado iko juu ya kilima

Mapendo, mutoto wangu,

Salamu sitaandika, kwa sababu tuko nyumba moja, na hapa nilipokaa ninakusikia nyuma ya ukuta ukilalamika kwamba wanaokusuka wanakuvuta nywele. Kesho asubuhi lori ya chumvi itakuchukua pamoja na wakwe mpaka Kashebere na Walikale, na kutoka pale ni miguu tu mpaka Itebero. Naandika sasa, mwangaza ikiwa bado inatosha, kwa sababu kesho kutakuwa nyimbo na vumbi, na mimi nikifungua kinywa katikati ya nyimbo watu watasema Papa Bwira amekwisha kunywa.

Mambo ya kazi sitayagusa. Kuamuka mbele ya jogoo, kutotaja jina la baba mukwe, chumvi ya mboga ya sombe, namna ya kupokea wageni wa bwana yako, hayo yote Mama Antonia amekwisha kukuambia, na kesho atakuambia tena ukiwa umepanda lori, na lori ikianza kuondoka atakimbia nyuma yake akuambie moja aliyosahau. Mimi siongezi kitu. Ninakuomba tu hii: masista walikufundisha kusoma, basi soma mwenyewe. Usimupe bwana yako Fideli asome kwa sauti mbele ya baba yake. Muzee yule nimemutaja humu pahali fulani, na sikumutaja kwa sala.

Ninaandika sababu ya sahani yako ya jana.

Tulikuwa tunakula, ukauliza: "Papa, nikisha kwenda, kitanda yangu mutaipeleka wapi?" Mama Antonia akasema, "Pale nitaweka maharagi." Mimi nikasema, "Pale nitaweka reli." Tulisema pamoja, kama wanafunzi wanaomujibu mwalimu. Wewe ukaangalia sahani, ukasukuma bugali pembeni, ukasema umeshiba. Mapendo, tangu ulipofika katika nyumba hii haujapata kushiba ata siku moja. Njo maana niliogopa.

Swali yako ilikuwa fupi. Jibu yangu inaanzia Kindu, unisamehe.

Unajua kwamba wakati wa vita ya Wazungu nilifanya kazi ya reli kule Kindu. Watu wa hapa, wenye wivu, wanasema nilikuwa napanga kuni. Ni kweli, nilipanga kuni. Lakini waulize: mashini ilikula nini? Makaratasi? Ilikula kuni, na kuni zangu njo ilipenda. Mashinisiti mwenyewe, mwenye kuendesha mashini, mwanaume wa ndevu, alikuwa hawezi kuondoka stasiyo kabla nikohoe. Siku moja tembo akasimama kati ya reli, mukubwa kama kanisa ya misioni. Mashini ikasimama. Abiria wakaanza kuungama zambi zao, na zambi zingine zilinishangaza. Nikamuambia tembo kwa Kihunde, kwa heshima, kama unavyomuambia mujomba: "Muzee, njia hii ni ya watu, yako ni ile pale." Akageuka akaenda. Wengine watakuambia aliondoka sababu ya firimbi. Hao hawakuwa pale. Ata mimi nilikuwa nyuma kidogo, kwa behewa la kuni, lakini sauti yangu ilifika.

Basi reli iliniingia katika damu. Masomo haikuniingia sana: nilisoma mpaka mwaka wa pili, na mwaka wa pili niliusoma mara mbili kwa kuupenda. Lakini reli, ee.

Niliporudi Masisi nikapata kazi ya useremala kwa muzungu mumoja wa kahawa, muzee mwenye ndevu nyeupe na magoti mabaya. Kulikuwa seremala mwingine pale, lakini yeye alikuwa anashika tu randa. Siku moja ikafika sanduku kutoka Ulaya. Muzungu akaifungua mwenyewe, akakataa ata tumusaidie. Ndani kulikuwa nini? Treni! Mashini, mabehewa, stasiyo, vyote vya kuingia ndani ya kitunga cha mayai. Aliichezea wakati alikuwa mutoto, kisha akaiacha, akalima kahawa mpaka akazeeka, na sasa magoti yalipokataa kupanda kilima, akairudia. Mutu yule aliyekuwa anatufokea toka asubuhi, tukamukuta amelala tumbo kwenye sakafu, anafanya "shu, shu, shu" na midomo yake.

Siku ile nikajua kwamba treni inaweza kuwa ndogo. Mbele ya pale nilifikiri treni iko kama tembo: ukiipunguza, inabaki nyama tu.

Sasa, sikiliza mambo ya nafasi. Nyumba yake ilikuwa na vyumba ambavyo hakuna mutu alilala ndani. Lakini Madame alikataa. Chumba cha kula? Hapana. Chumba cha wageni? Hapana, na wageni wenyewe hawakufika tangu vita. Muzungu akapewa kipande cha baraza, kati ya mulango na mitungi ya maua. Akakaa pale na karatasi, anachora plani, anafuta, anachora tena, na ananililia: "Bwira, nafasi hapana! Nafasi hapana kabisa!" Yeye, mwenye shamba inayoanzia mutoni na kuishia mawinguni! Nikaenda nyuma ya jiko nikacheka mpaka mupishi akaniletea maji.

Lakini nilichekea mapema. Makosa yake yote niliyaona kwa macho yangu, kisha nikarudi kwangu nikayafanya yote, na nikaongeza yangu.

Kosa lake moja lilikuwa kukaza kona. Kwa kuwa nafasi ilikuwa ndogo, alipinda reli kwa nguvu ili izunguke ndani ya baraza. Treni ikifika kona, inalala kama mulevi. Inasimamishwa, inalala. Mwishoni akanifokea mimi: "Weye hapana kaza kona!" Na kona alikaza yeye. Kosa lingine nililipenda zaidi. Reli ilipita nyuma ya mitungi ya maua, pahali mukono ya mutu haifike. Na treni, kama ina shetani ao kama ina akili, ilikuwa inaangukia pale pale kila mara. Kuitoa ni kusukuma mitungi, na ukisukuma mitungi Madame anatokea. Muzee akakaa chini, akashika goti yake, akaniambia maneno ambayo nimeyashika kuliko katekisimu: "Bwira, pahali mukono haifike, njo pahali treni itaanguka."

Nikarudi Nyabiondo nikajenga yangu. Wewe ulikuwa bado haujafika kwetu, basi nikuambie namna ilikuwa. Reli ilikuwa mianzi iliyopasuliwa nyembamba. Magurudumu yalikuwa bobini za uzi. Vyuma vya kuunganisha magurudumu nilivitoa katika mwavuli ya katekista. Mwavuli ilikuwa imekwisha kufa, ata kama katekista alisema ilikuwa inapumzika. Mashini ilikuwa kopo ya sardini. Na ilitembea! Nilifunga kamba mbele yake, kamba ikaenda kwenye kipande cha muti chenye mukono, nikizungusha inavuta. Watu walitoka Masisi kuja kuangalia. Wengine walitoka mbali zaidi, ambako sikumbuki. Bwana Administrateri mwenyewe, akipita na gari yake kwenye barabara, alipunguza mwendo mbele ya nyumba yetu. Wengine wanasema ilikuwa sababu ya ng'ombe.

Kosa langu kubwa, mutoto wangu, ni kwamba nilitaka kila kitu kiingie. Nyumba yetu unaijua: mutu akinyoosha miguu, mwenzake anaomba ruhusa ya kupita. Lakini mimi nilitaka Kindu iwe ndani. Nilitaka pori ya Walikale iwe ndani, na daraja, na mulima, na stasiyo ya Nyabiondo ambayo Mungu mwenyewe hajaifikiria. Reli ikatoka kwenye kona, ikapita nyuma ya kinu, ikazunguka jiko, na pale kwenye jiko nafasi ilikuwa imekwisha, nikakaza kona. Unaona? Nilikuwa nimekwisha kumucheka muzungu kwa kosa lile lile.

Noeli ikafika, na wageni. Ningezungusha polepole, ingepita. Lakini wageni walikuwa wanaangalia, na mimi wakiniangalia mukono yangu inapata haraka. Nikazungusha. Treni ikafika kwenye jiko, ikaruka, ikaingia ndani ya chungu ya maharagi, yote, mashini na mabehewa. Hakuna aliyecheka, wote walikuwa wanamuangalia Mama Antonia. Akachukua mwiko, akatoa mashini, akaiweka kwenye sahani yangu, akamwaga maharagi juu yake, akaniletea kwa magoti, kama mwanamuke mwenye adabu: "Kula, bwana yangu. Ni yako."

Watu wanafikiri njo siku ile niliacha reli. Wanasema Antonia alinishinda. Antonia hajapata kunishinda, yeye anangojea tu nichoke. Niliitoa kwenye chungu, nikaikausha, nikaendelea. Sababu yenyewe ya kuacha ilikuja baadaye, na ilikuwa na miguu miwili na kamasi.

Ulifika kwenye mugongo ya shangazi yako. Mama yako alikuwa ametangulia, na kaka yangu, baba yako, tulikuwa tumetoka kumuzika. Nyumba hii ilikuwa na kona moja tu inayoweza kulaza mutoto bila mvua kumutafuta, na katika kona ile kulikuwa Kindu. Nikaangalia Kindu. Nikakuangalia. Ulikuwa umekamata behewa langu la nyuma, unalitafuna. Shangazi yako akasema, "Bwira, kama nafasi hakuna, useme, nitamupeleka kwingine." Nikamuambia, "Nani amesema nafasi hakuna? Keti." Nikang'oa Kindu mbele jua haijazama. Mbao za stasiyo njo miguu ya kitanda yako. Uangalie mumoja wa upande wa ukuta, chini kidogo, utaona mustari ya rangi nyeupe. Pale njo abiria walikuwa wanapandia.

Reli na mabehewa nikavitia katika kitunga, nikavipandisha juu ya jiko, moshi ikavilinda. Na kusema kweli sikuvikumbuka sana. Wewe mwenyewe ulikuwa na kelele ya treni.

Sasa tufike kwa wakwe.

Siku ile waliyoleta mbuzi, ulikuwa jikoni, basi haukuona mwanzo wake. Uliona tu mwisho, kama nchi yote. Nikueleze mwanzo, kwa sababu Muzee Bulambo, baba yake Fideli, anaueleza vibaya. Walikuja kutoka pori na mbuzi zao, nyama ya moshi, na mbwa watatu wa kuwinda. Tukakaa inje, kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ikamwagwa. Muzee Bulambo akaanza kuongea. Mapendo, mutu yule ni mwongo! Alisema alimupanda nguruwe ya pori kwa mugongo, nguruwe ikamupeleka mbio mpaka mulangoni pa kanisa, na kwa kuwa ilikuwa Siku ya Mungu, akashuka akaingia misa. Wazee wetu wote wakasema "Eeeh!" Wazee wangu mimi! Nikawaambia ya tembo wa Kindu. Muzee Bulambo akakunja midomo.

"Ndugu yangu Bwira," akasema, "nyinyi watu wa milima munajua vitu viwili: kulima maharagi na kuongea. Treni yenyewe iko wapi?"

"Treni?" nikasema. "Unataka kuona treni?"

"Kama iko."

Mama Antonia alikuwa anapita na sahani. Akasema polepole, "Bwira, acha." Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kupanda juu ya jiko.

Nikashusha kitunga. Nikapanga reli kwenye uwanja, mustari munyofu, kisha kona moja mbele ya mbuzi zilizofungwa, kisha mpaka kwangu. Bobini zilikuwa nzima. Mashini ilikuwa inanuka moshi na, kwa mbali, maharagi. Nikizunguka pale nikisikia vile vitu mukononi, Mapendo, magoti yangu yalisahau umri. Wazee wakasogea. Na Muzee Bulambo, kwa kuwa hawezi kunyamaza, akasema, "Lakini ni bubu. Treni gani haina kengele?"

Nikaona shingoni kwa mbwa wake kengele ya muti, ile ya kuwindia, imejazwa majani. Nikamuomba. Akaifungua akanipa, akasema, "Bwira, majani usitoe."

Mimi nikafikiri ananizarau. Kengele iliyofungwa kinywa, ya kazi gani? Kwa watu wa milima kengele ni ya kanisa, ni ya kulia. Nikatoa majani, nikaifunga kwenye mashini, nikakaa kwenye ule mukono ya kuzungushia, nikazungusha. Ko-ko-ko-ko-ko!

Sasa ninajua kitu ambacho kila mutoto wa Itebero anajua akiwa bado ananyonya. Wakiwa njiani, wawindaji wanaziba kengele ya mbwa na majani. Siku majani yakitoka, mbwa anajua kazi imeanza. Hawezi kujua kama ni harusi. Wale mbwa watatu walikuwa wamelala kama maiti, wakaamuka kama risasi.

Mutu mwenye akili angeacha kuzungusha. Mimi niliogopa, na nikiogopa mukono yangu inapata haraka. Treni ikakimbia, mbwa wakaona kweli ni nyama, inakimbia! Na kamba, kumbuka, ilikuwa inavuta treni kuja kwangu. Nilivyozungusha zaidi, mbwa njo walivyonikaribia zaidi. Walinifikia pamoja na treni. Nikaruka nyuma, nikaangukia kiti cha katekista, katekista akaangukia muti ya kufungia mbuzi, muti ikang'oka, na mbuzi zote za ndoa yako zikashuka kilima na kuingia katika maharagi ya jirani.

Njo pale ulitokea mulangoni na chungu mukononi.

Na wazee wako walikuwa wanafanya nini? Wanakimbilia mbuzi? Hapana. Wanahukumu.

"Mbuzi zenu zinapotea!" wa Itebero wanapiga kelele.

"Zetu? Za nani? Mimi nimeshika kamba? Mwenye nyumba hajashika kamba, basi hajazipokea, mbuzi bado ni za Itebero!" wa kwetu wanajibu.

"Zimefika uwanja wenu, zimekula majani yenu!"

"Basi na maharagi ya jirani mulipe nyinyi!"

Muzee Bulambo akasimama, akachukua mukuki yake, akasema kama ni hivyo wanarudi. Niliona uso wako. Haukulia. Uliweka chungu chini polepole sana, kama chenye yai ndani. Na mimi nilikuwa chini ya katekista, kwa kuwa muti ilipong'oka aliniangukia mimi.

Fideli hakuwa pale. Tulifikiri amekimbia sababu ya haya. Kumbe alikuwa ameshuka kilima toka mwanzo. Akarudi matope mpaka kiunoni, kamba zote mukononi, mbuzi zote nyuma yake. Akazifunga. Wazee walikuwa bado wanabishana. Akasema, kwa heshima kabisa, "Papa zangu, mbuzi ziko pale. Mukimaliza kukata maneno ni za nani, mutaniambia nimemusaidia nani."

Kisha akachuchumaa kwenye reli yangu. Hakuna mutu aliyemutuma. Akaokota muanzi uliopinda, akaunyoosha kwa goti, akaurudisha pahali pake. Akaangalia kona muda mrefu. Akaniangalia.

"Papa," akasema, "kona hii umeikaza sana."

Mapendo, mimi niliruka nikashika kamba ya mbuzi mara moja, mbele hajabadilisha mawazo. Hivyo njo uliolewa. Watu wakikuambia ni sababu ya mbuzi, ao ya kanisa, waache waseme.

Muzee Bulambo alicheka mpaka akakaa chini. Kengele akakataa kuichukua. Akasema, "Bakia nayo. Wewe njo unaihitaji kuliko mbwa."

Toka siku ile reli ilinirudia. Nimechora plani kwa makaa nyuma ya mulango. Mama Antonia anafuta akipiga deki, mimi nachora tena. Kuzungukia ukuta wote: inagonga mulango. Kuitundika chini ya dari: kuku anataga pale na hataki majirani. Kuiweka inje: mvua, na mbuzi. Inabaki kona yako. Mama Antonia anasema maharagi hayawezi kulala inje. Nikamuambia treni pia haiwezi. Akasema treni haijapata kulisha mutu katika nyumba hii. Nikamukumbusha kwamba yeye mwenyewe aliniwekea kwenye sahani.

Basi juzi, wakati ulienda mutoni, nikapima kona kwa fimbo, nikahesabia kwamba kitanda imetoka. Nafasi ikawa nzuri, kubwa, naweza kuzungusha reli bila kukaza kona ata moja. Nikachora. Nikafurahi. Kisha nikasimama pembeni, nikanyoosha mukono kwenda kona ya ukuta. Haikufika. Nikajaribu upande mwingine, tumbo ikakataa. Ni tumbo ya mutu aliyekula vizuri maisha yake. Unakumbuka muzungu alisema nini. Pale mukono haifike, njo pale itaanguka, na kila siku.

Iko dawa moja tu, na nimeifikiri jana usiku mimi mwenyewe, mutu wa mwaka wa pili: mwendeshaji akae katikati, na reli imuzunguke. Akiwa katikati, mukono inafika kila pahali. Lakini akae juu ya nini? Chini siwezi, magoti yangu sasa yamekuwa ya muzungu yule. Inahitaji kitu cha kukalia, kirefu, chenye miguu imara, kisichotikisika, na kiwe kimekwisha kuzoea kona ile.

Basi kitanda inabaki. Ni mambo ya plani tu, usifikiri mengine. Bila kitanda, reli yote inakufa. Itabaki pale pale, na mukeka yake, na reli itaizunguka juu ya vijiti, na maharagi ya Mama Antonia yatalala chini yake. Nilimuonyesha plani leo asubuhi. Akaiangalia. Kisha akaniangalia mimi muda mrefu, akasema, "Bwira, uongo yako yote nimeisikia katika ndoa hii. Hii ya leo nimeipenda." Sijui alitaka kusema nini. Wanawake hawajui mambo ya reli. Lakini mulangoni hajafuta tena.

Kule Itebero utaingia nyumba yenye reli za wenyewe, zimepangwa kabla wewe haujazaliwa: nani anakaa wapi, chungu gani haiguswe, nani anaongea kwanza. Sina la kukufundisha, unajua kuishi na watu, umeishi na mimi. Ninakuambia tu kwamba mimi nilitaka Kindu yote iingie kwa siku moja, na nililipa kwa sahani ya mashini. Nyabiondo yako uiingize kule polepole. Anza na maharagi. Na mama mukwe wako akikuomba mukono, ata kama ungeweza kufanya peke yako, mupe mukono. Pahali penye mikono mingi hapaanguki kitu.

Kitu kimoja njo kinanikasirisha katika plani hii yote, nimekigeuza upande huu na ule na sikipatie dawa. Itebero iko pahali mukono yangu haifike.

Fideli mukono yake inafika. Niliiona siku ile, ilikuwa imejaa matope.

Barua hii naiweka juu ya kitanda. Ukimaliza kusoma, kuja ule. Mama Antonia amekufunikia sahani karibu na kinu, na amekwisha kuifunua mara nyingi kuangalia kama umekula.

Na kichwani pa kitanda utaona kengele ya Muzee Bulambo. Nimeifunga kwenye muguu wenye rangi nyeupe, na nimeijaza majani mabichi, nimeyasindilia kwa kidole mpaka haitoi ata pumzi. Treni itatembea bubu, sijali. Yakikauka nitaweka mengine. Siku utakuja kutusalimu, nikiona tu kitambaa yako kule chini ya kilima, nitayatoa, na Nyabiondo yote itasikia. Kuja na Fideli. Kuja na muzee wake pia, ata na nguruwe yake.

Mbwa muwaache Itebero.

Papa yako,
Bwira, mashinisiti